Kikombe Kimoja cha Mawese

Krr, krr. Kifuniko cha chupa kilizunguka gizani, karibu na kichwa changu, kikatulia. Ikapita pumzi moja ya kimya. Halafu krr, krr tena, kikafungwa.

Sikuhitaji kufumbua macho. Nilijua mume wangu Anselme amepiga magoti kando ya kitanda, amesogeza mdomo wa chupa puani, amevuta hewa, na hakupata kitu. Huu ni mwaka wa pili tangu homa kali iondoke na pua yake. Maharage yakiungua hajui. Maziwa yakichacha hajui, atayanywa na kushukuru. Lakini kila akishika chupa ya oili lazima ainuse, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa.

“Nikunusie?” nilimwuliza.

“Hapana, mutoto ataamka. Lala, Mama Kanyange. Naenda kupasha gari moto.”

Kanyange, binti yetu wa miaka mitano, alikuwa ameegemeza unyayo wake tumboni mwangu, na unyayo ule ulikuwa na joto. Nikalala. Laiti ningeinuka wakati ule, nisingekuwa na cha kuandika leo.

Gari lenyewe ni lori la kubeba maji hapa Nakivale, kambi ya wakimbizi, mali ya Hajji Swaib mwenye gereji pale Ruti, Mbarara. Lina giaboksi ya otomatiki. Halina pedali ya klachi, na madereva wengine humcheka Anselme kwamba anaendesha kiti cha kulalia. Yeye hajali. Hulipangusa vioo kabla hajanawa uso wake mwenyewe. Lakini wiki hiyo lori lilikuwa limeanza kusita. Ukitia gia, linafikiri kwanza, kisha linaruka. Kwenye kilima cha kuelekea Kabingo injini ilinguruma na magurudumu hayakufuata. Anselme alijua maana yake: oili ya giaboksi imepungua.

Na ndiyo wiki Hajji alipopiga simu. “Kuna mtu wa Bwizibwera anataka kununua hiyo gari, abebe maziwa. Jumanne saa nne wewe leta hapa Ruti, mimi naangalia. Kama iko mzima, inabaki na wewe. Kama iko na shida, naachia mtu wa maziwa.”

Jumanne ndiyo ilikuwa asubuhi hiyo. Lori likiondoka, Anselme angerudi kubeba mifuko ya mahindi sokoni kwa mgongo wake, kama tulivyoishi miaka yetu mitatu ya kwanza hapa, na mgongo huo naujua mimi ninayeukanda usiku.

Mimi nasoma darasa la jioni, Kiingereza na hesabu, chini ya taa ya sola, Kanyange akilala kwenye kitenge miguuni pangu. Mwalimu aliwahi kutuuliza Kiingereza kimetusaidia nini, na mimi nikasema: nimesoma kibati cha lori. Watu wakacheka. Lakini ni kweli. Kipo kibati kidogo karibu na bomba la kupimia oili ya giaboksi, na kabla sijakisoma Anselme alikuwa anapima gari likiwa baridi na limezimwa, jinsi watu wanavyopima oili ya injini. Kibati kinasema vingine. Injini iwe ya moto na iwe inanguruma, gari lisimame mahali tambarare, gia iwe huru. Ukiona imepungua, ongeza kidogo, ngoja, pima tena. Maneno hayo tuliyasema pamoja kitandani mpaka Kanyange naye akayashika, akawa anamwambia mwanasesere wake, “Ongeza kidogo, ngoja.”

Basi, kulipopambazuka niliamka nikapike. Jumapili nilikuwa nimenunua mawese kwa mama mmoja wa Uvira sokoni, chupa nzima ya maji ya lita moja na nusu, nikaificha chini ya kitanda kwa sababu watoto wa jirani walikuwa wanachovya vidole. Sikumwambia Anselme. Kwa nini nimwambie habari ya mafuta ya kupikia?

Niliingiza mkono, nikaivuta. Nikaona ni nyepesi machoni. Mawese asubuhi hushikana kwa baridi, unaigonga chupa mpaka unachoka. Hii ilitikisika kama maji. Nikafungua, nikanusa, na nyumba ikajaa gereji.

Hajji humimina oili nyekundu ya otomatiki kutoka kwenye pipa lake na kuwapa madereva kwenye chupa tupu za maji ya kunywa. Chupa za aina ileile, na Anselme ya kwake huiweka chini ya kitanda. Oili ilikuwa mkononi mwangu. Mawese yalikuwa yameondoka na mume wangu.

Nikampigia simu. Ikalia mlemle ndani, chini ya mto.

Nikakaa kitandani, nikajilazimisha kufikiri. Atamimina wapi? Hawezi kumimina hapa kijijini Kabazana, kwa maana kwetu kote ni mteremko. Lazima kwanza azunguke barabarani mpaka giaboksi ipate moto, kisha atafute tambarare. Na kijiti cha kupimia hakisomeki gizani, lazima angoje jua. Jua ndiyo kwanza lilikuwa limegusa bati la jirani. Tambarare ya kutosha lori, kabla barabara haijaanza kupanda, ni moja tu: uwanja wa mpira.

Nikambeba Kanyange na usingizi wake, nikachukua chupa, simu na mfuko wangu wa madaftari uliokuwa mlangoni, sijui hata kwa nini, nikakimbilia kwa Shafiq wa boda aliyekuwa anapangusa kiti cha pikipiki.

“Uwanja wa mpira. Upesi, baba!”

“Mpira saa hii, nyabo? Nani anacheza?”

“Timu yangu, na inafungwa. Washa!”

Shafiq aliangalia uso wangu, hakuuliza tena. Njiani, kwenye kila shimo, alisema tu, “Shika mtoto, shika mtoto,” na mimi nilishika mtoto kwa mkono mmoja na chupa kwa mwingine.

Lori lilikuwa katikati ya uwanja, limewekewa mawe kwenye magurudumu, injini ikinguruma polepole. Anselme alisimama kando, faneli imekwisha chomekwa kwenye bomba, kikombe chetu cha bati mkononi. Alipotuona alitabasamu, akatupungia kikombe, akidhani tumekuja kumtakia safari njema.

“Zima!” nilipiga kelele. “Papa Kanyange, zima gari!”

“Nini?”

Nikainua chupa yangu juu, jua likapita ndani yake, ikawaka nyekundu safi kama juisi. Akaitazama. Kisha akatazama ile iliyokuwa kwenye ngazi ya lori, iliyobaki na rangi ya machungwa, yenye ukungu. Tabasamu lilimwondoka taratibu, upande mmoja kwanza. Akapanda, akazima.

“Umetia ngapi?”

“Kikombe kimoja. Nilikuwa nangoja nipime tena.” Akaishika chupa. “Lakini hii inatembea, Mama Kanyange. Mawese yanaganda.”

“Uliiweka fasi gani?”

“Kwenye kabini, juu ya injini.”

“Basi umeipika.”

Nilichana karatasi kwenye daftari langu, nikaiweka kwenye ngazi, nikadondosha tone la kila chupa. Tone la oili lilikimbia, likatanuka, likaacha duara jembamba la waridi. Tone la mawese lilikaa palepale, likaweka doa zito la manjano. Halafu nikadondosha jingine kwenye bati la tangi, ambalo bado lilikuwa na ubaridi wa usiku. Tulilitazama pamoja. Polepole likapoteza mng'aro wake, likafifia, likawa kama nta.

Anselme aliketi kwenye nyasi, mgongo kwenye tairi.

“Nilinusa, Benitha,” alisema. Huniita kwa jina langu pale tu nyumba inapokuwa na msiba. “Nilinusa kama kila siku.”

“Na ulisikia nini?”

“Hakuna kitu. Kila siku ni hakuna kitu. Sasa nimezoea kufikiri hakuna kitu maana yake ni sawa.”

Nikaketi naye. Mikono yake ilinuka mawese tupu, harufu ya kwetu, ya sombe, majani ya muhogo, ya mama yangu, na yeye aliye na mikono hiyo ndiye peke yake hakuijua. Niliibusu mikono hiyo, nikalia kidogo, nikajifuta.

“Mimi ndiye niliyeweka chupa ya mafuta pale,” nilisema. “Na nikalala.”

“Wewe hukumimina.”

“Haya. Tutagawana.”

Kanyange alikuwa ameshaanza kuokota vijiwe golini. Shafiq alijifanya anakagua mnyororo wa pikipiki yake.

“Sikia,” Anselme akasema, sasa kwa sauti ya chini. “Giaboksi hii inakula lita ishirini na kitu. Kikombe kimoja ni nini? Naongeza oili nzuri, naenda Ruti, Hajji anaona inatembea, anasema sawa. Kisha polepole naimwaga mimi mwenyewe.”

Sitadanganya, moyo wangu ulikwenda naye hatua chache. Niliona lori likifika Ruti, Hajji akitikisa kichwa, sisi tukirudi. Halafu nikaona siku kumi mbele: oili ndani imepata moto, mawese yameungua yakawa gundi, sahani za ndani zinateleza, na lori lenye tani kadhaa za maji linarudi nyuma kwenye kilima kile cha Kabingo, pale wanafunzi wanapopita. Na dereva ndani yake hasikii hata harufu ya kuungua.

“Kilima,” nilisema. Sikusema zaidi.

Aliitazama barabara pale inapoanza kupanda. Kisha akanyoosha mkono. “Lete simu.”

“Niseme mimi?”

“Hapana. Gari ilipewa mimi.”

Akasimama kabisa kama vile Hajji angemwona. “Asalaam aleikum, Hajji. Mimi Anselme. Sitafika saa nne. Nimetia mawese kwenye giaboksi.” Akasikiliza. “Ndiyo, ya kupikia. Kikombe kimoja, injini ikiwaka. Nimezima.” Akafumba macho. “Na kuna jambo lingine, Hajji. Pua yangu haisikii. Tangu ile homa. Sikukuambia kwa sababu niliogopa utanipokonya gari.”

Sauti nzito ya upande wa pili niliisikia hata mimi: “Usiwashe. Mimi nakuja.”

Kutoka Mbarara mpaka kwetu si karibu. Shafiq alituletea chapati na chai kwenye mfuko, akakataa shukrani, akaondoka kutafuta abiria. Ilipokaribia saa tano tuliona vumbi, kisha pikapu. Ndani yake walikuwa watu wawili. Hajji Swaib alikuwa kwenye usukani, na ovaroli yake na kofia ya kufuma. Kando yake alikaa Yonatani, dereva wa Ruti anayepewa gari ambalo mwenzake amenyang'anywa. Alikuwa na begi lake dogo la nguo magotini.

Anselme aliliona begi. Nami niliona anavyoliona.

“Papa,” Kanyange akauliza, “yule ni nani?”

“Ni dereva mwingine,” akasema.

Yonatani alitusalimu kwa adabu, akaenda kukaa mbali kwenye kivuli cha goli, kama mtu aliyealikwa kwenye mazishi ya asiyemfahamu.

Hajji hakusalimu. Alichukua chupa yangu ya mawese, akainusa, akamtazama Anselme juu mpaka chini. “Wewe. Unapika gari yangu, na kitunguu hukuweka?”

“Hajji, nisamehe.”

“Msamaha iko baadaye. Lete beseni.”

Wakaingia wote wawili chini ya lori. Oili ya zamani ilimwagika ndani ya beseni na madumu, na Hajji akainusa na kuisugua, akasema bado haijaungua, ashukuriwe Mungu. Wakabadilisha chujio, wakaweka oili mpya kutoka dumu lililofungwa, wakawasha kidogo, wakazima, wakamwaga tena. “Mara mbili,” Hajji alikuwa anasema kule chini, unaona miguu yake tu. “Mafuta ya bibi yako inajificha kila kona.” Nilishika faneli, nikapokea boliti, nikazipanga kwenye kitenge kwa jinsi zilivyotoka ili zisichanganyike. Mchana ukapanda. Kanyange alilala chini ya pikapu na kuamka.

Kabla ya kujaza mara ya mwisho, Hajji alipangusa mikono, akaenda kwenye pikapu yake, akarudi na vifuniko vinne vya madumu, kila kimoja na oili kidogo. Akavipanga kwenye ngazi ya lori.

“Miaka miwili unaangalia gari zangu bila pua. Sasa nionyeshe unaangaliaje. Nyabo,” akanigeukia, “pua yako mpeleke kule kwa mtoto.”

Nikaenda kukaa na Kanyange kwenye goli.

Anselme alichovya kidole kwenye cha kwanza, akasugua kwa dole gumba, akavuta. “Hii inavutika kama asali. Ni ya difu, kule kwenye ekseli ya nyuma.” Cha pili akadondosha kwenye karatasi yangu, akaangalia ukingo wa doa. “Ya injini, na imeshatumika.” Cha tatu alikitazama, akaomba maji, akatia tone ndani ya kikombe. Likapotea ndani ya maji. “Oili haikubali maji. Hii imekubali. Ya breki.”

Hajji akakisogeza cha nne mbele yake.

Cha nne kilikuwa chekundu. Anselme alidondosha tone lake kwenye karatasi, akangoja. Akasugua jingine kwa vidole. Akaweka jingine kwenye bati la tangi kivulini, akangoja tena. Kule kwenye goli nilisimama, kwa maana chekundu ndicho hicho tulichokuwa tunakihitaji wote, na neno moja tu, otomatiki, lilimtosha kusema.

“Karatasi inasema ya otomatiki,” akasema hatimaye. “Lakini kidole kinakataa. Kuna uzito kidogo ndani yake.” Akakirudisha kifuniko. “Sijui, Hajji. Hii siwezi kuitia kwenye gari.”

Yonatani aliinua kichwa.

“Hujui?”

“Sijui.”

“Hata mimi sijui,” Hajji akasema. “Mabaki ya chupa tatu, nilichanganya mwenyewe.” Akaimwaga kwenye dumu la oili chafu. Halafu macho yake yakaenda kwa Kanyange, aliyekuwa amekumbatia ile chupa ya oili nyekundu kama mwanasesere, na uso wake ukabadilika. Akamwendea, akachuchumaa, akaichukua taratibu. “Na mimi pia, eh? Naweka sumu ndani ya chupa ya maji, napeleka kwa nyumba yenye mtoto.” Hakuwa anamwambia mtu. Akaimwaga oili ile dumuni, akaikanyaga chupa tupu, akaitupa nyuma ya pikapu. “Ile pipa ya Ruti imekwisha kazi.”

Wakajaza. Kidogo, wangoje, wapime. Anselme alishika breki, akapitisha gia nyuma, huru, mbele, taratibu, kisha Hajji akapanda kando yake, na lori likatoka uwanjani kwenda kujaribiwa kilimani.

Nilisimama barabarani na Kanyange mgongoni. Lilianza kupanda. Nilisikia injini ikishuka sauti na kubadilisha, laini, bila ule mruko, ikapanda tena, ikabadilisha tena, na vumbi likaendelea juu mpaka nikaona tangi likipita mwamba wa mwisho na kutoweka upande wa pili.

Waliporudi walipima tena likiwa la moto. Hajji alifuta kijiti mwenyewe, akakirudisha, akakichomoa, akakiinua juani. Oili ilikuwa imekaa kati ya mistari miwili. Alinawa mikono kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, akavaa kofia yake vizuri, akasema kuna zahanati Juru inalia maji tangu asubuhi. Halafu akaita, “Yonatani!”

Yonatani aliinuka na begi lake, akasimama katikati ya magari mawili, asijue aelekee lipi.

Hajji alifungua mlango wa pikapu, akakaa, akawasha. Yonatani akaenda kule, akaingia, akaweka begi magotini. Wakazunguka goli, wakashika barabara ya Mbarara.

Anselme hakusogea. Alikuwa ameweka kiganja chake kwenye bati la lori, anatazama vumbi, kama mtu anayengoja kuambiwa. Na mimi nikamsogelea nimwambie.

Kanyange alichungulia juu ya bega langu.

“Papa,” akasema, “yule dereva mwingine ameenda.”